Saini yako ikae wapi kwenye picha ya kuuza

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwezi ujao nina maonyesho yangu ya kwanza hapa Dar, picha 12 za Soko la Samaki Feri nilizopiga 2019 hadi 2022. Tisa zimeprintiwa kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, tatu kubwa ziko kwenye karatasi ya kung'aa. Fundi fremu ananiuliza nitasaini wapi. Rafiki yangu mchoraji ananiambia nisaini usoni, kwenye kona ya picha, kama wanavyofanya wao. Mwingine anasema nisaini juu ya kioo kwa makapeni ya dhahabu. Nitumie kalamu gani, niandike nini, na zile namba za 1/10 nizipange vipi? Halafu nimeshauza mbili bila saini yoyote. Nimeharibu? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Marahaba, binti, na hongera kwa maonyesho. Hizo mbili zinarekebishika, nitazifikia mwisho.

Tuanze na saini yenyewe inasema nini, kwa sababu ukishalielewa hilo mengine mengi utayaamua mwenyewe. Mchoro uko mmoja. Jina la mchoraji likiwepo, kazi imekwisha. Faili lako la kamera linaweza kuprintiwa leo Kariakoo, kesho Nairobi, na keshokutwa na mtu usiyemjua aliyelitoa kwenye simu. Kila mara inatoka karatasi, na zote zina picha yako. Ukiweka saini kwenye mojawapo unasema: karatasi hii nimeiona kwa macho yangu, weusi wake na weupe wake ndio nilioutaka, nimeikubali itoke kwa jina langu. Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa, hakupenda kazi ya chumba cha giza na picha zake aliwaachia mafundi wa Paris wazichape. Hilo halikumzuia kusaini. Kwa hiyo na wewe usione haya kwamba umeprintisha kwa mtu. Ila kabla ya kusaini, beba karatasi hadi dirishani, iangalie mchana kweupe, iinamishe kidogo utafute mistari ya wino iliyokatika, vumbi lililonasa, alama ya kucha. Ikiwa na kasoro, ichane. Najua karatasi ya pamba ni ghali na moyo unauma. Ichane tu, maana ukiiweka kabatini siku moja utakuwa na shida ya hela na utaiuza.

Rafiki yako mchoraji anakushauri kutoka kwenye kazi yake, na kwenye kazi yake yuko sahihi. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, aliandika jina lake usoni mwa mchoro kwa rangi, na wanaofuata mtindo wake hapa Dar wanaendelea hivyo hadi leo. Kwenye mchoro wa Tingatinga jina linakaa pamoja na ndege na majani, limetoka kwenye brashi na rangi zilezile. Kwenye picha ya kamera jina ni mgeni. Chukua mojawapo ya picha zako, tuseme nguru wamelazwa kwenye saruji iliyolowa, alfajiri, mwanga wa kijivu. Weka herufi nyeupe kwenye kona ya chini. Mtu akisimama mbele yake atasoma kwanza, kwa sababu jicho likiona herufi haliwezi kujizuia kusoma, na wale nguru watamsubiri. Tena wino wa picha umekaa kwenye tabaka jembamba sana juu ya karatasi. Ukipita juu yake na kalamu unalikwaruza, na ukikosea hakuna kufuta.

La saini ya kioo sitalizungumza sana. Kioo ni mali ya fremu. Kitavunjika wakati wa kuhamisha nyumba, au mnunuzi atabadilisha fremu, na saini yako itaondoka na vipande. Ile ya kuingiza jina kwenye faili ndani ya kompyuta halafu likaprintiwa pamoja na picha ifanye kwenye Instagram, huko ina kazi. Kwenye karatasi hiyo ni chapa kama chapa nyingine, mkono wako haujaigusa.

Mahali pa saini ni ukingo mweupe ulio chini ya picha. Kwa hiyo wakati wa kuprinti usijaze karatasi nzima hadi pembeni. Acha ukingo wa sentimita 3 au zaidi kila upande, na chini uwe mpana kidogo kuliko juu. Saini inakaa chini kulia, ncha yake ya mwisho ikilingana na ukingo wa kulia wa picha. Namba ya nakala inakaa chini kushoto. Kichwa cha picha, ukitaka kionekane, kinakaa katikati au kinaifuata namba. Shuka milimita 4 au 5 tu kutoka picha inapoishia, na herufi zako zisizidi hapo kwa urefu. Mpangilio huu tumeurithi kwa wachapaji wa michoro wa karne ya 19, na faida yake kwako ni kwamba mkusanyaji yeyote, awe wa Masaki au wa London, anajua aangalie wapi bila kuuliza.

Kwenye zile tisa za pamba tumia penseli. Najua utashtuka. Kila ninayemfundisha hunijibu jambo lile lile, kwamba penseli inafutika. Jaribu kuifuta uone. Risasi ya penseli ni kaboni, ndugu wa masizi ya chungu, na kaboni haipauki kwa jua wala haina kemikali ya kula karatasi. Chembe zake zinaingia katikati ya nyuzi za pamba. Anayejaribu kuzitoa kwa ufutio anaparua uso wa karatasi, na ukiishika karatasi hiyo kwenye mwanga wa pembeni utaona pale mahali pamechakaa. Kuna jambo la pili zuri. Penseli ina mng'ao wa kijivu unaoonekana ukiinamisha karatasi, na mashine ya kuchapa ikiiga saini yako mng'ao huo hautokei. Huo ni ulinzi wa bure kabisa.

Chagua HB au B, hata 2B. Penseli za H ni ngumu, zinachimba mtaro. Zile za 6B ni laini mno, zinapakaa kwenye kila kitu. Ichonge, kisha isugue mara mbili tatu kwenye karatasi chakavu ili ncha isiwe kali kama sindano. Laza picha juu ya meza ngumu iliyonyooka. Gazeti na kitambaa usiviweke chini, kwa sababu karatasi ikiwa na ulaini chini yake inabonyea. Zima feni. Nimeona feni ikiinua kona ya picha wakati mkono wa mwenyewe uko katikati ya jina. Na kwa joto letu la Dar, chini ya kiganja weka karatasi safi, maana jasho la mkono kwenye karatasi isiyong'aa linaacha doa ambalo hutaliona leo, utaliona baada ya masika moja. Halafu andika kwa mwendo wako wa kawaida. Ukiandika polepole kwa woga saini inatetemeka na haifanani na yako.

Zile tatu za kung'aa ni habari nyingine. Karatasi nyingi za kung'aa zimefunikwa plastiki pande zote mbili na penseli haishiki pale, inateleza. Tafuta kalamu yenye ncha nyembamba ya wino wa pigimenti, wale wanaochora ramani za nyumba wanazijua. Sakura Pigma Micron ni mojawapo, na kokote utakakonunua soma kwenye mwili wa kalamu kama wameandika kwamba wino wake ni pigimenti. Wino wa pigimenti una chembe za rangi zinazokaa pale zilipowekwa. Wino wa kalamu nyingi za kawaida ni rangi iliyoyeyushwa, inapauka kwa mwanga na inasambaa kwa unyevu, na unyevu hapa kwetu ndio hali ya hewa yenyewe. Kalamu ya Bic iweke mbali. Kipira chake kinabonyeza hadi herufi zinaonekana kwa upande wa pili, na ukishaona jina lako limetokeza kinyumenyume katikati ya picha hakuna tiba. Makapeni ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu kiyeyusho chake kinapenya na kuhamia kwenye picha inayofuata uliyoipanga juu yake. Hata kwa kalamu nzuri, andika kwanza kwenye kipande ulichokata cha karatasi hiyohiyo, subiri kwa saa moja, kisha sugua kwa kidole. Kama inatoka, andika nyuma na uipe usiku mzima kabla ya kuigusa.

Sasa nikueleze kwa nini nakutaka usaini pande zote mbili. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka picha nane kwa fundi fremu mmoja hapa mjini, zote zimesainiwa chini vizuri kwa penseli. Niliporudi kuzichukua, nne zilikuwa tayari ndani ya fremu na zilipendeza. Nikaangalia chini nikaona vipande vyembamba vya karatasi vimetawanyika karibu na mguu wa meza. Nikaokota kimoja. Kilikuwa na upana wa vidole viwili, na juu yake kwa mwandiko wangu: 3/8, na nusu ya jina langu. Fundi alikuwa na fremu za kipimo fulani, picha zangu zilizidi, akachukua wembe akapunguza weupe ili ziingie. Hakuwa na nia mbaya. Kwake ule ukingo ulikuwa mabaki. Niliumia sana siku ile, na kosa la kutomweleza lilikuwa langu. Kipande kile bado ninacho, nimekibana ndani ya daftari la kazi.

Kwa hiyo mweleze fundi wako kabla hajagusa kitu: karatasi haikatwi, fremu ndiyo inayoifuata picha. Ile kadi ngumu iliyokatwa dirisha, inayokaa kati ya picha na kioo, dirisha lake liwe kubwa kuliko picha kwa sentimita 1 au 2 kila upande, ili mtu aione picha yote na saini yako chini yake. Wengine wanapenda kadi iifunike saini. Hilo ni suala la ladha, haliidhuru picha. Lakini usisaini juu ya kadi. Utakuta Ansel Adams na Edward Weston wa Marekani walisaini kwenye kadi, ila wao walibandika picha moja kwa moja kwenye kadi ikawa kitu kimoja kisichoachana. Siku hizi picha inaning'inizwa kwa vipande vidogo vya utepe ili iweze kutolewa, na kadi hubadilishwa ikichafuka.

Nyuma ya picha andika kila kitu, kwa penseli kwenye zile za pamba, kwa kalamu ya pigimenti kwenye zile za kung'aa. Andika sehemu iliyo nyuma ya ukingo mweupe, usiandike nyuma ya picha yenyewe, ili hata mkono ukizidi nguvu alama isiingie kwenye nguru wako. Andika jina lako kamili kwa herufi zinazosomeka, kichwa cha picha, mahali, mwaka uliopiga, mwaka ulioprinti, aina ya karatasi na namba ya nakala. Kichwa kiache kwa Kiswahili. Wapo watakaokwambia wanunuzi wa nje hawataelewa. Watauliza, na wakishauliza mazungumzo yameanza.

Hiyo miaka miwili, wa kupiga na wa kuprinti, usiichanganye kamwe. Kuna kisa cha Lewis Hine, Mmarekani aliyepiga picha za watoto viwandani na za wajenzi wa majengo marefu, aliyefariki 1940. Mwishoni mwa miaka ya 1990 picha kadhaa zilizouzwa kama alizozichapa mwenyewe zilipimwa maabara, zikakutwa zina kemikali ya kung'arisha karatasi ambayo viwanda vya karatasi za picha havikuitumia kabla ya miaka ya 1950. Mtu hawezi kuchapa juu ya karatasi ambayo haijatengenezwa. Wanunuzi walikuwa wamelipa pesa nyingi wakiamini kwamba mkono wa Hine ulipita pale. Ukiandika "ilipigwa 2019, ikaprintiwa 2024" umemwambia mnunuzi ukweli wote, na atakayekuja miaka 60 baadaye hatahitaji maabara.

Namba sasa. 3/10 ni nakala ya tatu kati ya kumi ambazo umeahidi hazitazidi. Neno zito hapo ni kuahidi. Si lazima uziprinti zote kumi leo, printi moja moja kadiri zinavyouzwa, lakini ile kumi iliyo chini haibadiliki hadi unaingia kaburini. Kabla ya kuandika ya kwanza amua kama kumi hizo ni kwa ukubwa wote au kila ukubwa una kumi zake, na uandike uamuzi huo kwenye cheti unachompa mnunuzi, karatasi inayothibitisha kwamba picha ni kazi yako. Mwaka 2012 mkusanyaji mmoja wa New York alimshtaki William Eggleston, kwa sababu picha alizokuwa amezinunua kama toleo lenye idadi maalumu zilitolewa upya, kubwa zaidi na kwa njia ya kidijitali, zikauzwa mnadani Christie's kwa jumla ya dola milioni 5.9. Mwaka uliofuata mahakama iliitupa kesi, Eggleston akashinda. Mimi nikiwa upande wa mnunuzi ningebaki na kinyongo, na wewe ndiyo kwanza unaanza, jina lako ndilo mtaji wako.

Ziko pia nakala za msanii, mbili tatu nje ya hesabu, unazojiwekea wewe. Ziandike N.M. mahali pa namba na usizigeuze mlango wa uani wa kuongezea biashara. Na kama hutaki kufunga idadi, usifunge. Adams alichapa ile picha yake ya mwezi juu ya Hernandez, New Mexico, aliyoipiga 1941, zaidi ya mara 1,000, na bado watu wanashindania mnadani. Picha isiyo na kikomo inasainiwa tu bila namba, na bei yake iwe ya chini. Ninachokuomba ni usiandike 1/100 kwa picha unayojua utauza nne. Mnunuzi anayejua kusoma namba hizo anasoma pia hofu ya aliyeziandika.

Jambo ambalo wengi hawaniulizi: usitumie saini yako ya benki. Hizi karatasi zitatundikwa ukutani kwa watu, zitapigwa picha kwa simu, zitasambazwa. Tengeneza saini ya kazi, jina linalosomeka, na ikae hivyohivyo kutoka mwaka huu hadi uzeeni. Fanya mazoezi kwenye mabaki ya karatasi uliyochana.

Usisaini siku ileile picha inapotoka kwenye printa. Wino una vimiminika vinavyoendelea kutoka kama mvuke kwa saa 24 hata zaidi, na ukiifungia chini ya kioo mapema utaona ukungu kwa ndani. Mimi wakati wa mvua huziacha siku tatu, zimetandazwa chumba kikavu na karatasi safi juu yake, ndipo nasaini, ndipo zinakwenda kwa fundi.

Nunua kauntabuku ya kwaya mbili. Kila picha ipewe ukurasa wake: namba, tarehe ya kuprinti, nani aliprinti, karatasi gani, nani amenunua, kwa bei gani, na simu yake. Nakala ikiharibika mikononi mwa mnunuzi na ukakubali kumprintia nyingine, ile mbovu irudi kwako, uichane mbele yake, namba ihamie kwenye mpya na uandike hivyo daftarini. Piga picha kila saini. Ukurasa wa mwisho andika jina la ndugu atakayeruhusiwa kuthibitisha kazi zako usipokuwepo. Diane Arbus alifariki 1971, na picha zilizochapwa kutoka filamu zake baada ya hapo zina muhuri na saini ya binti yake Doon nyuma. Hakuna anayezidhania ni za mkono wa mama, na zinaheshimika kwa vile zimesema ukweli.

Nyuma ya ukurasa huo andika pia kwamba kuuza karatasi si kuuza hakimiliki. Anayenunua nguru wako anawatundika sebuleni, hawachapi kwenye kalenda ya kampuni yake. Liandike hilo kwenye cheti pia, sentensi moja inatosha, na kazi zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Zimebaki zile mbili ulizouza. Wapigie wanunuzi, waambie unaandaa maonyesho na ungependa kuzikamilisha picha zao. Sijapata kuona mtu aliyekataa. Nenda na penseli yako, kipande cha kadi safi cha kuweka chini, na fundi kama huwezi kufungua fremu mwenyewe. Hizo ndizo zilizotangulia kutoka, kwa hiyo kila moja ndiyo 1 ya toleo lake, hata kama zile za maonyesho ndizo zitakazosainiwa kwanza. Kama fundi wa zamani alikata ukingo hadi kwenye picha, saini nyuma tu, usiguse uso. Andika mwaka ulioprinti na chini yake "imesainiwa" pamoja na tarehe ya siku hiyo, uwape cheti, kisha ukirudi Tabata ujaze kurasa zao kwenye kauntabuku kabla hujalala.